Mhojiwa wa Tisa

Mama mwenye mtoto anayesomea mambo ya mtandao amfunze kwanza kunyamaza. Edileuza hakumfunza hivyo wa kwake. Alimfunza kushukuru, kama sote tunavyowafunza watoto, na huko kushukuru ndiko kulikowaingiza matatani.

Siku Jaciara alipotetea tasnifu yake ya udaktari chuoni Recife, huko Brazili, Edileuza alikaa kiti cha mbele kabisa, amevaa gauni la kanisani, sinia la keki ya muhogo mapajani. Kiyoyozi kilimpiga hadi kwenye mifupa. Maprofesa watano, wawili wao wakionekana ukutani kutoka miji ya mbali, walimhoji binti yake tangu asubuhi. Edileuza aliishia darasa la nne. Maswali hakuyaelewa, lakini sauti za watu alizielewa, na sauti ya yule bwana mwenye ndevu hakuipenda.

"Sura yako ya nne yote imesimama juu ya mtu mmoja," yule bwana alisema. "Huyu unayemwita Mhojiwa wa Tisa. Sisi tutajuaje kama yupo?"

"Yupo, profesa. Anafanya kazi ndani ya chumba kile. Zaidi ya hapo sisemi. Nilimwahidi."

Chumba kile kilikuwa cha kampuni ya kamera za mabasi. Wazee wa mji ule hupanda basi bure kwa kadi, na juu ya mashine ya kadi kuna kamera inayompiga picha kila anayepita. Picha hiyo hulinganishwa na ile aliyopigwa siku ya kujiandikisha. Kompyuta ikisita, picha zote mbili hupelekwa kwenye chumba wanamokaa wafanyakazi wanne, na hao ndio wanaobonyeza: ni yeye, au si yeye. Ikiwa si yeye, kadi inafungwa, na bibi wa watu anateremshwa na kikapu chake. Jaciara alikuwa ameandika kwamba wale wanne waliamriwa wafunge kila wakiwa na shaka, na kwamba waliofungiwa wengi walikuwa bibi weusi, ambao kamera haiwaoni vizuri kabla jua halijapanda. Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo kutoka ndani, mpaka alipokuja Mhojiwa wa Tisa.

Naye alikuwa Naldo, kaka yake Jaciara, aliyesimama nyuma karibu na mlango. Mama yao hakuambiwa.

Jopo lilitoka, likarudi, mwenyekiti akasoma uamuzi. Ukumbi ukalipuka makofi. Kule kwao mtu akishapita haondoki hivi hivi. Husimama akashukuru, na ndugu husubiri sehemu hii kuliko zote, maana ndipo machozi hutoka. Jaciara alilishukuru jopo, akamshukuru msimamizi wake, Profesa Amarílis, akawashukuru wahojiwa wake bila kuwataja, na marehemu bibi, na mainha, mama yake, aliyefua nguo za watu, na hata mbwa. Edileuza alilia mpaka keki ikalowa pembeni. Kisha akageuka, akamwona mwanawe peke yake kule nyuma, mikono mfukoni, yule aliyeacha shule ili mdogo wake asome.

"Na Naldo, je?" aliita, kwa sauti ile ile ya kuitia watoto kutoka juu ya kilima.

Watu wakacheka. Jaciara naye akacheka huku anapenga kamasi.

"Na Naldo, jamani! Nimsahauje Naldo? Kaka yangu anafanya kazi mle mle kwenye kamera za mabasi, ndiye aliyenifumbua macho. Bila yeye sura ya nne isingekuwepo."

Alisema hivyo hivyo. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wengine kwamba jina halihitaji kutajwa ili mwenye jina ajulikane, kwamba vipande viwili vidogo vya habari vikikutana vinatosha. Profesa Amarílis aliacha kupiga makofi. Naldo alitazama kamera ndogo iliyokuwa juu ya meza, ikirusha yote mtandaoni kwa wasioweza kuja. Taa yake ilikuwa bado inawaka.

Halafu wakala keki.

*

Haikupita wiki, Naldo alirudi nyumbani mchana akiwa na sare, akaketi kwenye meza ya jikoni bila kunawa. Mkewe Gilvanete alikuwa anapakua maharage, tumbo lake likigusa jiko.

"Wamenipa kiti cha korido," Naldo alisema.

"Kiti cha nini?"

"Cha kukaa. Naingia, nagonga kadi, nakaa koridoni mpaka saa ya kutoka. Kazi hakuna. Nikitaka kwenda chooni naomba ruhusa kwa katoto kalikoajiriwa juzi."

"Na wenzako?"

"Wanapita kama vile mimi ni ndoo ya kudekia. Quitéria peke yake ndiye kaniletea kahawa. Ananiambia, 'Naldo, umeiba nini? Sema tugawane.'"

Edileuza akacheka. Quitéria alimjua vizuri, yule anayekaa chini ya ngazi za kilimani, waliimba pamoja kwaya ya kanisani, na kazini alikaa kiti cha pembeni ya Naldo. Lakini alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Umeiba nini, kweli?"

Naldo akaisogeza sahani. Akamwambia yote, macho kwenye wali.

"Kumbe siku ile mlipozifungia simu ndani ya jiko la keki zisiwasikilize, wewe na dada yako, mkaenda kunong'ona kule kwenye karo la kufulia..."

"Ndiyo siku hiyo."

"Mimi nikadhani mnanipangia sherehe ya kuzaliwa."

"Tulijua unadhani hivyo, mainha."

"Na sherehe haikuja."

"Haikuja."

Edileuza akakaa. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Wewe uliita jina tu. Maneno mengine yote ni ya daktari wako."

Gilvanete hakuketi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye hospitali ya umma, juu ya kitanda cha magurudumu kilichoachwa mlangoni kwa kukosa nafasi, na alipofika mtu wa kumtazama, mtoto alikuwa ameshanyamaza. Safari hii walikuwa na bima ya kampuni, kliniki yenye pazia, na daktari anayemwita kwa jina. Kampuni ikimfukuza Naldo kwa kosa, bima hukatwa siku hiyo hiyo.

"Pale mlangoni mimi sirudi," Gilvanete alisema. Alisema polepole, kama mtu anayesoma bei ya kitu dukani. "Mwite yule msomi wenu. Alivyoyaanzisha, ayamalize."

*

Jaciara alishaanza. Tangu siku ya pili alikuwa akizunguka chuoni kutafuta mtu wa kuifuta ile video. Alikuwa ameandika makala juu ya haki ya mtu kufutwa mtandaoni, alikuwa amesafiri mpaka nchi nyingine kuisemea, watu wamevaa vifaa vya tafsiri masikioni. Sasa alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya masomo, na Seu Ademir, mzee wa ofisi ile, alikuwa anakula mkate.

"Utetezi ni jambo la hadhara, dokta. Ile video ndiyo ushahidi kwamba umefanyika. Nikiifuta, na udaktari wako nimeufuta."

"Kata mwisho tu. Pale kwenye shukrani."

"Pale ndipo penyewe! Mama yako kanichekesha mimi, mpaka mke wangu nimemwonyesha. 'Na Naldo, je?' Watu wanatumiana, hujaona?"

"Nimeona. Seu Ademir, kuna mtu ataumia."

"Basi andika ombi, liende kwenye kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikiitwa." Akapangusa makombo. "Si wewe uliyesimama hapa mwaka jana, na bango, mnataka kumbukumbu za chuo ziwe wazi kwa wote?"

Alikuwa ni yeye. Akashukuru, akaondoka.

Profesa Amarílis alimpokea ofisini mwake na kufunga mlango. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyezoea kuongea na wanasheria, na hakumzungusha.

"Watakuita. Watataka useme kama ni yeye. Huthibitishi, hukanushi. Basi."

"Nikinyamaza watamfukuza. Watasema kunyamaza kwangu ni kukubali."

"Labda. Tutampa wakili, tutapiga kelele magazetini."

"Mkewe atazaa kabla magazeti hayajachapwa."

"Jaciara. Mle ndani wapo wanne. Ukisema si huyu, wanabaki watatu."

"Najua, profesa. Somo hilo nalifundisha mimi."

"Basi usiniangalie hivyo."

Nje wanafunzi walikuwa wanajaribu ngoma, mtu anapiga, anakosea, anaanza tena. Jaciara alisubiri aone uchungu, au hasira, au hata woga. Alichokiona ni kwamba mkanda wa kiatu chake umelegea. Akainama, akaufunga.

*

Mwanasheria wa kampuni, aliyewaita wote watatu ofisini mwake, aliitwa Dokta Everaldo. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Kule kwao kila mwanamume mwenye tai ni dokta, na Edileuza, aliyeona binti yake akikonda kwa ajili ya neno hilo, alilitamka kwa shingo upande.

"Habari za asubuhi, dokta."

"Karibuni, karibuni. Ndiwe mama wa kwenye video? Wewe ni maarufu, Dona Edileuza!" Akamvutia kiti. Naldo aliachwa amesimama, kwa kuwa kiti cha nne hakikuwepo. "Sisi hapa hatutaki kumwonea mtu. Tumesoma kazi ya binti yako, kazi nzuri, ingawa ina maneno makali. Kuna mtu ametoa siri za ndani. Mkataba unakataza. Tunataka tu kujua si Naldo. Naldo ni kijana mzuri."

"Ni kijana mzuri sana," Edileuza alisema.

"Basi. Daktari anaandika hapa mistari miwili: 'Rosinaldo Lins si Mhojiwa wa Tisa.' Anatia sahihi. Kesho Naldo anarudi kwenye kioo chake cha kompyuta, na sisi na yeye tumemalizana."

Jaciara alikuwa anatazama karatasi. "Mtafiti hasemi mhojiwa wake ni nani wala si nani," alisema. "Ningekataa kwa mtu yeyote."

"Ni haki yako kabisa. Na sisi tunabaki na video." Mwanasheria akatazama saa. "Naldo, wewe una la kusema?"

Naldo alikuwa na kofia yake mikononi. "Nilimwonyesha mdogo wangu namna mashine inavyowashwa, dokta. Zaidi ya hapo sina."

"Unaona? Kaka anasema sina. Dada anasema siwezi kusema. Mimi nimwamini yupi?"

"Niamini mimi," Edileuza alisema. "Mimi nimewazaa wote wawili."

"Wewe, mama, ungeandika?"

"Ningeandika sasa hivi. Hata kama mwandiko wangu ni wa kuku."

Mwanasheria akacheka kwa moyo kabisa. Edileuza akamgeukia bintiye, akamshika mkono juu ya meza, mbele ya yule mtu, kama anavyoshikwa mtoto anayegoma kunywa dawa.

"Jaciara, mwanangu. Ni neno moja."

"Mainha, kuna watu wengine mle."

"Wengine wana mama zao."

Huo ndio mdomo wa mzazi, na nani kati yetu angekuwa na mwingine? Edileuza hakulisema kwa ubaya. Aliona tu lile tumbo likigusa jiko.

Naldo hakuomba. Angeomba, pengine Jaciara angepata kitu cha kukataa. Alisimama tu na kofia yake, akitazama dirishani, kama walivyokuwa wakisimama utotoni, wao wawili, nje ya duka la keki, yeye akimwacha mdogo wake asogee karibu na kioo.

Jaciara akavuta karatasi, akaandika, akatia sahihi. Mbele ya jina aliacha nafasi, na mwanasheria akamkumbusha kwa upole aweke neno daktari, maana bila hilo karatasi haina uzito. Akaliweka. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika.

"Hongera," Dokta Everaldo alisema, akimpa mkono. "Mimi tasnifu yangu niliiacha njiani. Mambo mengi."

Walipotoka, Edileuza aliwanunulia maji ya miwa na sambusa pale mlangoni. Naldo alikula zake, akala na za dada yake. Jaciara alishika bilauri mpaka barafu ikaisha ndani yake.

"Si umeona?" Edileuza alisema. "Mbona hata haikuuma."

*

Naldo alirudi kwenye kioo. Gilvanete alienda kliniki, akarudi na picha ya mtoto, wakaibandika kwenye friji. Kamati ya chuo ilikutana mwishowe, ikakata shukrani kutoka kwenye video, na Seu Ademir akampigia Jaciara mwenyewe kumpa habari hizo, kwa huzuni kidogo. Barua ya ajira ikaja: angeanza kufundisha muhula unaofuata, somo la haki za watu mtandaoni.

Kisha siku moja Naldo akasema, akiwa anavua viatu, "Wamemtoa Quitéria."

"Wamempeleka wapi?" mama yake akauliza.

"Wamemtoa. Kwa kosa. Wanasema ndiye."

Edileuza alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. Mabaya huku, mazuri huku. Baadaye aligundua kwamba alikuwa ameyachanganya, akaanza upya. Jumapili hiyo hakwenda kwaya, alisema goti linamsumbua.

Jaciara alikuja kula nao, kama kila Jumapili. Habari alikuwa ameshaipata kwa simu, na alipoingia alimbusu mama yake, akaosha mikono, akakaa. Walikuwa katikati ya chakula waliposikia makofi mlangoni, maana kule kilimani mgeni hupiga makofi badala ya kugonga.

"Dona Edileuza! Nyie mnakula bila mimi?"

Alikuwa Quitéria. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, nywele amezifunga kitambaa cha maua, na alikuwa anahema kwa ajili ya zile ngazi.

"Ingia, ingia," Edileuza alisema. "Kuna maharage."

"Sikai. Nimekuja kwa neno moja, nikilala nalo tena litanitoa roho." Akasimama katikati ya jiko, akafuta mikono yake mikavu kwenye sketi. "Naldo, nimekuja kwako."

Naldo alikuwa na kijiko mdomoni. Akakitoa.

"Mimi ile video niliiona, kama watu wote. Nikasema moyoni, ni Naldo. Nikawa na hakika kabisa. Waliponiita kule juu, wakanibana, 'Wewe unakaa naye, ni nani?', nikafunga mdomo. Nikasema mwenzangu simtaji, mfanye mnavyotaka. Basi yule dokta akatoa karatasi. Akaniambia, 'Unamficha nani, mama? Daktari mwenyewe ameandika hapa si Naldo.' Nikasoma. Sahihi ya Jaciara, naijua, si aliandika kadi za ubatizo wa mjukuu wangu?"

Gilvanete aliweka mkono juu ya tumbo, akautoa.

"Nikaona aibu, haki ya Mungu. Jaciara hawezi kuandika uongo, msichana huyu tumemwona anakua. Kumbe siku zote nilikuwa nakaa karibu na wewe, nakuletea kahawa, na moyoni nakusingizia." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini alitabasamu. "Wao wakasema basi kimya changu ni jibu. Kazi, ah, kazi Mungu atatoa, nitauza hata chapati za tapioka. Ila hili sikutaka liwe kati yetu. Naomba unisamehe, Naldo."

Naldo akamtazama dada yake. Jaciara alikuwa anatazama kitambaa cha meza, mahali palipochapwa nanasi.

"Hakuna neno, Quitéria," Naldo alisema. "Yamepita."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Basi sasa naweza kula," Quitéria akasema, akavuta pumzi. Jaciara akainuka, akampisha kiti chake, na Edileuza akampakulia.